Baridi ya Kuazima kwa Miche ya Mitufaha

Mtufaha ulionyimwa baridi haufi, na hapo ndipo mkulima anapopotea. Ungekauka, angejua mapema, akaung'oa, akapanda parachichi. Kumbe unabaki wima. Ukilikwangua gome kwa ukucha, ndani ni kijani kibichi. Mizizi ni hai. Lakini mche hausogei. Mvua zinanyesha, mahindi ya jirani yanafika kiunoni, na mche uko vile vile ulivyotoka kitaluni. Pengine kileleni kitachomoza kishada cha majani madogo, na chini yake fimbo tupu. Mwenye shamba anaongeza samadi, anaongeza maji, anapiga dawa ya ukungu, na habadilishi kitu, kwa kuwa mche ule hauna njaa wala ugonjwa. Umelala. Cha kuuamsha ni wiki kadhaa za baridi, nao haujazipata.

Leo nataka tuzungumze juu ya baridi hiyo, hasa baridi ya kutengenezwa, ile ya chumba chenye mtambo wa kupoza, na namna inavyoweza kuamsha miche michanga ya matunda yaliyotoka nchi za baridi: matufaha, peasi, plamu, fyulisi. Nawafikiria zaidi watu wa Njombe, Makete na Lushoto, wa Limuru na Molo, na wa Kabale kule Uganda ambako kituo cha utafiti cha Kachwekano kimekuwa kikihimiza kilimo cha matufaha. Huko nyanda za juu kuna baridi. Kila anayeishi Makete mwezi wa Julai anaijua. Swali ni kwa nini baridi hiyo mara nyingi haiutoshi mche.

Tuanze na mti wenyewe. Mababu wa tufaha la sokoni ni miti ya mwituni ya milima ya Asia ya Kati, Kazakhstan na jirani zake. Kule majira ya baridi ni marefu na ya kuua, ila katikati yake hutokea siku chache za jua na ujoto. Mti ambao ungechipua kwa kudanganywa na siku hizo ungeunguzwa na barafu ya wiki inayofuata. Miti iliyosalia ni ile isiyouamini ujoto mpaka iwe imepita katika baridi ndefu. Ndiyo maana ujoto peke yake hauuamshi mtufaha. Kwanza lazima macho yake, yaani yale matumba madogo yaliyobana kwenye tawi, yapitiwe na baridi kwa muda wa kutosha. Baada ya hapo ndipo ujoto unapata nguvu ya kuyafungua.

Jambo hili lilionyeshwa waziwazi na mtaalamu wa mimea wa Marekani, Frederick Coville, katika makala aliyoichapisha mwaka 1920. Yeye alikuwa akishughulika na bluberi. Aliona kwamba mimea aliyoitunza vizuri ndani ya nyumba ya vioo yenye joto, akiitarajia ichipue mapema kuliko ile ya nje, ilikataa kabisa, ilhali ile iliyoachwa kwenye baridi ilichanua kwa wakati wake. Kisha akafanya jaribio ambalo mimi naliona kuwa zuri kuliko maelezo yoyote ninayoweza kukupa hapa. Aliuacha mmea ndani ya nyumba yenye joto, akalipitisha tawi moja tu nje kupitia tundu kwenye kioo. Mmea mmoja, mizizi ile ile, maji yale yale. Majira yalipogeuka, tawi lililokuwa nje likatoa majani, na sehemu iliyobaki ndani ikaendelea kulala.

Utaona hapo, msikilizaji, kwamba mizizi haiwezi kulipeleka agizo la kuamka katika mti mzima. Kila jicho hupokea baridi yake lenyewe. Coville aliona pia kwamba haihitajiki baridi ya kugandisha. Nyuzi joto chache juu ya kiwango cha maji kuganda zinatosha, mradi zidumu.

Ndani ya jicho kunatokea nini? Sehemu yake tumeijua miaka ya karibuni tu. Chembe hai za mmea huwasiliana kwa vijia vyembamba mno vinavyopita katika kuta zake. Mwaka 2001 watafiti Päivi Rinne, Christiaan van der Schoot na wenzao walionyesha, katika mti mmoja wa kaskazini ya Ulaya, kwamba jicho linapolala vijia hivyo huzibwa, na kwamba baridi ndiyo inayouwezesha mmea kuvizibua tena. Kwa fyulisi kuna habari nyingine ya kupendeza. Mexico ulipatikana mfyulisi usiojua kulala. Ncha zake huendelea kukua hata msimu ambapo wenzake wamepukutika. Wanasayansi walipoichunguza asili yake, wakachapisha mwaka 2008 kwamba mti huo umepoteza kipande cha urithi katika eneo lenye jeni sita zilizopangana mfululizo. Katika mfyulisi wa kawaida jeni hizo ndizo zinazolishikilia jicho lisifunguke, na nguvu yake hupungua kadiri baridi inavyoendelea. Kwa hiyo baridi haiumizi mti mpaka ukagutuka, kama watu wengi wanavyodhani. Ni kazi ya taratibu, ya wiki kwa wiki, ya kulegeza kilichofungwa.

Ili kuipima baridi hiyo, wakulima wa Marekani walizoea kuhesabu saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi joto 7, au 7.2 ukitaka usahihi. Aina nyingi za matufaha ya zamani hudai takriban saa 800 hadi 1,200. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini ina kasoro ambayo kwetu ni kubwa: haioni kinachofanyika mchana. Mwaka 1974 watafiti wa jimbo la Utah walitoa hesabu nyingine, ambamo saa za ubaridi wa wastani hupewa thamani kamili, saa za kuganda hazipewi kitu, na saa za joto, kuanzia kama nyuzi 16 kwenda juu, hupunguza kile kilichokwisha kukusanywa. Baadaye, mwaka 1987, Fishman, Erez na Couvillon waliirekebisha zaidi hesabu hiyo. Wao walieleza kwamba baridi hujenga kitu cha muda ndani ya jicho, ambacho joto linaweza kukibomoa. Kikishafikia kiwango fulani, hutulia, na joto haliwezi tena kukigusa.

Fikiria kibubu cha mtoto. Usiku anatia sarafu, na mchana mtu anakuja kuzichokoa kabla kibubu hakijajaa. Ndivyo ulivyo usiku na mchana wa nyanda zetu za juu. Usiku wa Juni au Julai kule Njombe unaweza kushuka vizuri sana, lakini saa nne asubuhi jua limeshatoka, kufika mchana koti limevuliwa, na sehemu ya kazi ya usiku imefutwa. Ndiyo maana mkulima anasema kweli akisema kwao kuna baridi, na mtufaha wake nao unasema kweli ukikataa kuamka.

Sasa nikupe utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mwenye kitalu wa Afrika Mashariki angepaswa kuufahamu. Ulichapishwa mwaka 2005 na Ola Heide na Anne Kathrine Prestrud wa Norway. Walichukua mimea michanga ya mitufaha na mipeasi, wakaikuza katika vyumba ambavyo joto na urefu wa mwanga vilidhibitiwa. Miti mingi ya nchi za baridi hujiandaa kulala kwa kuona siku zinafupika. Mitufaha na mipeasi yao haikujali urefu wa siku. Iliacha kukua na kulala kwa sababu ya ubaridi tu, chini ya nyuzi joto 12 hivi. Kisha, ili iamke, ikahitaji ubaridi vile vile: angalau wiki sita, yaani takriban saa 1,000, katika nyuzi 6 au 9. Kwenye nyuzi 12 hata wiki 14 hazikuleta matokeo ya maana.

Kwetu hapa karibu na ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Kama mtufaha ungekuwa unasubiri siku zifupike, tusingekuwa na la kuufanyia kwa urahisi. Lakini hausubiri hilo. Unataka baridi, ya kuulaza na ya kuuamsha, na baridi tunaweza kuitengeneza. Isitoshe, ndani ya chumba cha baridi hakuna jua la saa sita. Saa 24 zote zinahesabiwa. Saa 1,000 zinakuwa siku 42, na aina inayodai saa 300 inamaliza kwa wiki mbili hivi.

Hata mbegu inafuata utaratibu huo. Mbegu ya tufaha hukaa miezi miwili hadi mitatu katika unyevu na baridi ndipo iote vizuri, na ya fyulisi hukaa kama mitatu. Ndiyo sababu wakati mwingine ukikata tufaha lililosafirishwa kutoka mbali na kukaa ghalani miezi mingi, unakuta mbegu imeshatoa kijimzizi humo humo ndani. Katika miaka ya 1930 mtafiti Florence Flemion wa Marekani alieleza kinachotokea ukilazimisha: ukiivua mbegu ya fyulisi maganda yake na kuiotesha bila baridi, unapata mche kibeti, wenye majani yaliyosongamana na shina lisilorefuka. Miche ya namna hiyo ikipitishwa kwenye baridi huanza kukua kawaida. Ukiuona mche kibeti kitaluni, usikimbilie kuulaumu udongo.

Kwa nini nasisitiza miche michanga? Kwanza, kwa sababu inabebeka. Mti wa miaka minane huwezi kuupeleka kwenye chumba cha baridi, lakini miche 200 isiyo na majani, iliyofungwa mafungu mafungu, inaenea kwenye kona moja. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwaka wa kwanza ndio unaoamua umbo la mti. Mche ulioamka nusu hufungua jicho la kileleni peke yake, na macho ya ubavuni, ambayo yangekuwa matawi makuu, yanabaki yamefumba. Mengine hayafunguki tena. Mkulima anarithi mti mrefu mwembamba wenye majani juu, na atashindana nao kwa miaka. Mche uliopata baridi kamili hufungua macho mengi kwa pamoja, na hapo mwenye shamba ana kitu cha kuchagua.

Sasa namna ya kufanya. Usichukue mche unaokua kwa nguvu, wenye ncha laini, ukautia kwenye baridi moja kwa moja. Utaunguza ncha, na macho yenyewe hayajakomaa. Acha mbolea ya kukuzia, punguza maji, uuache nje katika miezi ya ubaridi mpaka ncha ifunge na shina ligeuke rangi ya kahawia. Kisha pukutisha majani kwa mkono, kwa sababu majani gizani huoza na kuleta ukungu. Mizizi ikiwa wazi, izungushie vumbi la mbao au nyuzi za makumbi ya nazi zilizoloweshwa na kukamuliwa, kisha funga plastiki. Ikiwa kwenye viriba, nyesha siku moja kabla. Weka joto kati ya nyuzi 2 na 5. Mwanga hauhitajiki. Kila wiki fungua, nusa, tazama kama kuna ukungu, gusa kama mizizi ina unyevu. Mche uliokauka humo ndani hautarudi, hata kama ulipata saa zake zote.

Nina onyo moja ambalo naomba ulishike. Usiiweke miche pamoja na matunda. Matufaha yaliyoiva, ndizi, parachichi, yote hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndani ya chumba kilichofungwa huharibu na hata kuua macho ya miche iliyolala. Nasema hivi kwa sababu nyanda zetu zina vyumba vya baridi tayari. Kuna vya maua kule Naivasha, kuna vya viazi mbegu, na Njombe kuna vya parachichi. Mtu mwenye miche atavitamani, na ana haki ya kuvitamani, maana vyumba hivyo huwa na nafasi msimu wa mazao unapopungua. Vya viazi mbegu vinafaa. Cha parachichi kinafaa tu kikiwa kitupu na kimepitishwa hewa vizuri. Kwa mwenye miche michache, au vikonyo vya kubebeshea, friji ya nyumbani inatosha: sehemu ya chini, mbali na friza, na friji hiyo isiwe na matunda kwa muda huo wote.

Kuhusu majira, fanya hesabu ukirudi nyuma kutoka siku ya kupanda. Nyanda za juu kusini mvua huanza karibu na Novemba. Mche unaohitaji wiki sita uingie baridini kabla ya katikati ya Septemba, ukiwa umeshatulizwa Julai na Agosti. Ukibaki wiki moja zaidi hakuna hasara. Baridi ya ziada kidogo huyafanya macho yafunguke kwa pamoja na upesi. Ukiutoa mapema ndipo unapoharibu kazi.

Baridi ya kutengenezwa, hata hivyo, ni ya mara moja. Inauamsha mche unapoanza maisha shambani. Mwaka unaofuata mti utakuwa umesimama ardhini, na baridi yake itakuwa ile ya mahali pale. Kwa hiyo aina ya tufaha haikwepeki. Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo. Anna, iliyozalishwa Israeli na Abba Stein katika kibuts cha Ein Shemer, inadai saa 200 hadi 300 hivi, na Dorsett Golden, iliyopatikana Nassau katika visiwa vya Bahamas, iko karibu na hapo. Red Delicious inayong'aa dukani ni ya nchi za baridi kali, na kuipanda Lushoto kwa kuwa tunda lake linavutia ni kujitafutia uchungu.

Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Miche ya matufaha inauzwa barabarani na masokoni bila jina la aina, bila kusema imebebeshwa juu ya shina gani, na bila neno lolote kuhusu baridi. Mnunuzi analipa fedha nyingi kuliko za mche wa kahawa, anasubiri miaka mitatu, na hana wa kumuuliza. Nadhani muuzaji wa miche ya matunda haya anapaswa kulazimishwa kuandika mambo mawili kwenye kila fungu: aina, na saa za baridi inazodai. Na kama miche ilipitishwa kwenye chumba cha baridi, aandike ilikaa siku ngapi. Mambo hayo yanaenea kwenye kipande cha karatasi cha upana wa vidole vitatu.

Kwa miti mikubwa ziko njia nyingine, nami nazitaja kwa kifupi. Kule Batu, karibu na Malang katika kisiwa cha Java, wakulima huyapukutisha majani yote kwa mkono baada ya mavuno, kabla mti haujazama katika usingizi mzito. Mti huchipua upya, na wamevuna tufaha aina ya Rome Beauty mara mbili kwa mwaka bila majira ya baridi kabisa. Njia hiyo inataka mikono mingi na nidhamu ya tarehe, na naipenda. Njia ya pili ni dawa iitwayo haidrojeni sayanamidi, inayopuliziwa kwenye matawi yaliyo wazi. Inafanya kazi, ila ni kali kwa anayepulizia. Aliyeguswa nayo akinywa pombe, hata baada ya siku kadhaa, anaweza kuwaka uso, kwenda mbio moyo na kuzidiwa. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa zinazoruhusiwa. Kijijini, ambako glavu ni adimu na pombe ya kienyeji iko jirani, nisingependa kuiona.

Basi miche yako imemaliza siku zake. Itoe jioni, si mchana wa jua kali. Iache kivulini siku mbili tatu, mizizi ikiwa na unyevu, kisha panda. Ikate kimo cha kiuno, juu kidogo ya jicho zima lililonenepa. Mwagilia mara moja kwa kushiba, halafu subiri udongo uanze kukauka ndipo urudie, maana mti usio na majani hunywa kidogo. Kwa ujoto wa kawaida wa Novemba, macho huanza kuvimba ndani ya wiki mbili hadi nne, kwanza yakionyesha mstari wa kijani kwenye ncha. Machipukizi yakifika urefu wa kidole, chagua manne yaliyo pande tofauti za shina, yasiyotoka mahali pamoja, uyaache yawe matawi, na mengine uyang'oe kwa kidole gumba yangali laini.